Ubavu wa Kushoto

Jumatatu asubuhi nilimkabidhi mama mkwe wangu, Felista, ng'ombe wanane wa udongo, wamelala kwenye ungo juu ya majani ya mgomba, naye akawapeleka kwa mumewe. Maharage yangu yalikuwa hayajachemka akarudi nao.

"Anasema si wenyewe," akasema.

"Si wenyewe kwa vipi, mama?"

"Hakusema. Amewageuzageuza, akaguna, akasema si wenyewe."

Nyumba ya baba mkwe ilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Ningeweza kwenda kumuuliza mwenyewe, kama si kwamba mke wa mwana hamwoni mkwewe, wala mkwewe hamwoni yeye. Akipita njia hii mimi napita ile. Njia ikiwa moja, naingia kwenye migomba, najifunika nguo usoni na kungoja nyayo ziishe. Jina lake silitaji, na hapa pia silitaji. Sote tulikuwa tumebatizwa, na padre Mjerumani alikwisha kumwambia kwamba Mkristo halazimiki kukimbiana na mke wa mwanawe. Yeye akamjibu kwamba padre hana mke wa mwana, ampate kwanza ndipo waongee.

Haya ya ng'ombe nilijitakia. Mimi ni mtoto wa wafinyanzi wa Lyulilo, kando ya ziwa, nikaolewa huku Ikolo kwenye migomba na mifugo, na mikono yangu haijui kukaa bure. Watoto wa huku hufinyanga ng'ombe wa kuchezea, lakini wote huwa na rangi ile ile ya tope. Siku moja nikafinyanga wangu, nikamchoma kwenye moto wa pumba, kisha nikamvika ngozi ya karatasi. Karatasi ilikuwa ile nyembamba ya kufungia sabuni. Bibi wa misheni alitugawia nilipokuwa shuleni, nami niliitunza. Naipaka masizi yaliyokorogwa na maji ya mchele nikitaka nyeusi, au udongo mwekundu tunaopakia vyungu, au chokaa. Ikikauka naikata kwa kisu kidogo, umbo la baka lenyewe, naibandika kwa uji mzito, na juu yake napitisha ute wa yai ili ing'ae. Ukipaka rangi kwenye udongo mtupu, udongo unainywa na ukingo unachuja, na baka la ng'ombe halichuji. Tena karatasi ukiikosea unailowesha tu, inabanduka, unaanza upya. Sikujua nitabandua kiasi gani.

Yule wa kwanza alikuwa mweusi mwili mzima, na nyota nyeupe kwenye paji. Baba mkwe alimkuta mikononi mwa watoto wa jirani, akamtambua papo hapo kuwa ni ng'ombe wake, akamchukua. Wiki ile ile akamrudisha kupitia kwa mama mkwe, pamoja na agizo: anataka wote wanane. Binti yake Angetile alikuwa amehamia Tukuyu na mumewe mwalimu, na mtoto wao, Tuntufye, alikuwa akilia kila siku kwamba huko hakuna ng'ombe wa babu. Basi babu atampelekea, wa kuchezea, lakini wawe wale wale anaowajua.

Nilikubali kwa furaha. Kisha Jumapili, baada ya ibada, kaka yangu Yotamu akaja kutoka kwenye mtumbwi wake wa vyungu.

"Mama kateleza mwambani," akasema. "Kifundo cha mkono kimevimba kama embe. Vyungu vyote vimekauka, vinangoja kuchomwa, na mlimani wingu limeshaanza kukaa."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Chungu kibichi kikinyeshewa kinarudi kuwa tope, na miezi miwili ya mama iende na maji. Kuchoma ni kazi ya wanawake, Yotamu haijui, na mama kwa mkono mmoja angejaribu peke yake tu, namjua, akajiunguza.

"Naondoka Jumamosi alfajiri," Yotamu akasema. "Uwe ufukweni."

Mume wangu Lameck alikuwa Tukuyu akipasua mbao za boma, kwa hiyo ruhusa ilikuwa ya baba yake. Mama mkwe akaenda, akarudi na jibu: "Aende. Amalize kwanza ng'ombe wa Tuntufye."

Nilidhani nimeshamaliza. Ndiyo maana Jumatatu niliwapeleka mapema.

Jumatatu hiyo mchana kutwa niliwakagua. Nikaona pengine wekundu umezidi. Nikalowesha, nikabandua, nikapaka upya wekundu uliopoa, nikabandika. Jumanne wakaenda. Jumanne wakarudi.

"Si wenyewe," akasema mama mkwe.

"Kakamata yupi akasema hivyo?"

"Wote."

"Na yule mweusi?"

Akafikiri. "Yule mweusi alimweka pembeni. Yule hakumgunia."

"Mama, nakuomba, na wewe waangalie. Hawa ng'ombe uko nao miaka yote. Wamekosa nini?"

Akaokota mmoja, akamtazama usoni, akamtazama chini ya tumbo. "Mwanangu, kukamua ni kwa wanaume. Mimi naletewa maziwa kwenye kibuyu, sioneshwi yametoka kwa nani. Kwangu huyu ni ng'ombe kabisa. Ana hata mkia."

Nikasema ndaga, asante, mama.

Jumanne jioni niliona labda ni pembe. Pembe zilikuwa zimeshachomwa, hazirefuki, kwa hiyo nikaziongeza kwa nta ya nyuki, moja moja, pembe kumi na nne, na kila niliponyoosha ya kulia ya kushoto inaanguka. Jumatano wakaenda. Nilikaa mlangoni nikichambua mboga na kutazama upande wa mlimani. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mabega ya mlima. Mama mkwe akatokea na ungo.

"Usiniambie," nikasema.

"Si wenyewe. Na anauliza kwa nini sasa wamekuwa na pembe za mbuni."

"Mbuni hana pembe, mama."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema kama angekuwa nazo zingekuwa hizi."

Niliingia ndani, nikakaa chini. Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia karatasi na nikaona bora nikiweke mbali.

Mchana huo nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta wangu wa mianzi. Kikohozi kile nakijua, ndicho kinachonipa nafasi ya kukimbia. Lakini mara hii nyayo hazikupita, zilisimama. Nikajifunika kanga kichwa kizima, japo ukuta ulikuwa katikati.

"Mama Lameck," baba mkwe akamwita mkewe, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake akipepeta mchele. Alisema kwa sauti ya kuvuka mto. Kusema nami hawezi. Kusema na mkewe mpaka mimi nisikie, hilo halina mwiko. "Mama Lameck, yule mfinyanzi wako ana macho mangapi?"

"Mawili," akasema mama mkwe.

"Basi moja limelala. Yule ng'ombe anayelala wa pili kutoka mlangoni, ubavu wa kulia ana baka kama jembe. Sawa, liko, zuri, hata mimi nimelipenda. Namgeuza ubavu wa kushoto, nakuta jembe lingine. Nani alimwambia ana majembe mawili? Kushoto ni mweupe mtupu mpaka pajani. Namshika wa nne, hivyo hivyo. Wa tano, hivyo hivyo. Kila ng'ombe amekuwa kulia tupu, pande zote. Nimpelekee mtoto ng'ombe wasio na kushoto? Tuntufye atacheka, aniulize, babu, siku hizi unaona vizuri?"

Nilikaa na kanga yangu kichwani, na jambo lenyewe likanijia polepole, nikaona aibu, kisha nikaona hasira.

Zizi lao lilikuwa ndani ya nyumba ile ile anayolala. Asubuhi ng'ombe wakifunguliwa hupita mbele ya mlango wangu kwenda malishoni, nao hunipitia kwa ubavu wa kulia. Wakati huo baba mkwe huwa bado ndani na sala yake ndefu, kwa hiyo mimi nasimama nawaangalia nipendavyo. Jioni wanarudi kwa njia ile ile, ubavu wa kushoto ukiwa kwangu. Lakini jioni yeye husimama mlangoni kwake kuwapokea mmoja mmoja, na mimi huwa nimeshafunga mlango, nimeipa njia kisogo. Miaka miwili nimekaa pale. Ubavu wa kushoto wa ng'ombe wa ukweni sikuwahi kuuona. Nilidhani ng'ombe wana pande mbili zinazofanana, kama chungu.

"Mama," nikasema kwa sauti, na mimi sasa navuka mto wangu, "mwambie kuku huyo anayedonoa mchele wako kwamba mimi jioni huwa nimejifungia kwa adabu. Kushoto kwa ng'ombe sijawahi kukuona. Tangu Jumatatu naletewa neno moja, si wenyewe, si wenyewe. Mtu angesema kushoto, ningekuwa nimemaliza Jumanne."

Mama mkwe akaacha kupepeta.

"Hm," baba mkwe akaguna. Nyayo zikaondoka.

Baadaye mama mkwe akaja na habari: Alhamisi jioni mumewe hatapokea ng'ombe. Atakaa ndani, mlango umefungwa, na mama mkwe atasimama mahali pake. Nilijua hilo si dogo. Hata alipokuwa na homa alibebwa mpaka mlangoni kuwapokea.

Alhamisi jioni nikatoka na mkaa na vigae vya chungu kilichovunjika, nikakaa kizingitini. Ng'ombe wakaja. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwao, fimbo mkononi, na uso wa mtu aliyetumwa kwa chui. Yule mweusi akamwona, akasimama. Nyuma yake wote wakasimama, foleni nzima, mbele yangu.

"Wameingia?" sauti ikatoka ndani ya nyumba.

"Bado," mama mkwe akajibu.

"Wanafanya nini?"

"Wananitazama."

"Wapigie mluzi."

"Sijui kupiga mluzi, wewe mzee."

Akapiga mluzi yeye, huko ndani. Ng'ombe wakatazama ukuta, wakamtazama mama mkwe, wakabaki pale pale. Wa tatu akaanza kula majani ya mboga yangu, nami nikamwacha, nachora. Kwenye kila kigae ng'ombe mmoja. Wa pili, mweupe mpaka pajani, kweli. Wa nne alikuwa na mstari mwekundu ulioshuka begani kama mtu aliyemwagikiwa na mchuzi. Wa sita sikuweza hata kuamini kuwa ndiye yule ninayemjua.

"Wameingia?"

"Bado. Wanakula mboga za mkweo."

"Amemaliza kuchora?"

Mama mkwe akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Bado," akasema.

"Basi waache wale."

Ijumaa asubuhi nilitoa nta ya pembe, nikalowesha mbavu zote saba za kushoto na kubandua. Nilikata, nikabandika, nikapaka ute wa yai, nikawaweka juani, jua lenyewe la kuombaomba, wingu limeshafika shambani kwetu. Saa tisa ungo ukaenda. Nikangoja. Nikafunga mzigo wangu, nikaufungua, nikaufunga.

Mama mkwe alirudi mikono mitupu.

"Amekaa nao," akasema. "Kawapanga sakafuni, kulia, kisha kawageuza, kushoto. Anasema mkia wa yule wa tano ni mfupi."

"Mama. Niende au nisiende?"

"Hilo hakusema."

Ndipo kikohozi kikasikika nyuma ya ukuta, nami nikavuta kanga.

"Mama Lameck," ikavuka ile sauti, "huyo mtu bado yupo? Mtumbwi haungoji. Aende akachome vyungu vya mama yake." Nyayo zikaondoka, zikasimama. "Akirudi aje na udongo wa kwao. Nina mbuzi kumi na wanne."

Jumamosi nilipanda mtumbwi wa Yotamu, na adhuhuri nikashuka Lyulilo. Mama, mkono kaufunga kwa gome la mti, alikuwa ameshaanza kupanga kuni kwa ule mmoja. Hakunisalimu vizuri, aliniambia tu nishike upande ule. Tulichoma siku hiyo hiyo. Mvua ilikuja Jumapili tukiwa kanisani, vyungu vyote viko ndani, vya moto bado, isipokuwa vinne vilivyopasuka kwa haraka yetu.

Jioni nilichukua donge la udongo, nikalikanda kwa ajili ya mbuzi wa kwanza, nikabaki nimelishika. Mbuzi wa baba mkwe hulala nyuma ya nyumba yake na hutokea mlango wa nyuma. Sijawahi kuwaona hata upande mmoja.