Aliyekata Mpira wa Utomvu

Mshale wa geji ya pampu ya kuvuta utomvu ulipoporomoka, Ovila Veilleux alitukana kila kilichomo kanisani, kuanzia altare mpaka tabernakulo. Theluji ilikuwa inayeyuka, miti ya meipo inatoa utomvu wa kupikia shira kuliko siku zote, na pampu inanyonya upepo mtupu. Mahali fulani mlimani, mmoja wa mipira inayoteremsha utomvu kutoka mitini ulikuwa wazi. Na Ovila, kichwa ngumu asiyejua kusubiri, alishampata mkosaji kabla hajavaa buti: mdogo wake Clermont, aliyehama nyumba tangu wagombanie msitu wa baba yao.

Ukweli ni kwamba Ovila alikuwa amemkumbuka ndugu yake. Kukagua mipira ya mlima mzima peke yake kulimshinda, na kula peke yake kwenye meza ya watu wawili kulimchoma roho. Ila kumwita? Bora afe.

Akamkuta huko juu, amepiga magoti kwenye theluji, koleo la kukatia mkononi, mpira umekatwa mbele yake.

"Mshenzi wewe! Umekuja kunimaliza?"

Clermont akageuza kichwa nusu, mdomo umezama ndani ya kola ya koti. Akamtumbulia macho tu.

"Nakuuliza wewe! Ulimi nao umeukata?"

Ovila akaokota gongo, akamtandika la taya. Mfupa ukalia. Akamshushia la pili begani, la tatu mgongoni, huku analia kwa hasira, mpaka mdogo wake akaangukia ubavu.

Hapo ndipo alipoona. Ncha ya mpira ilikuwa mdomoni mwa Clermont. Alikuwa anaipasha joto, kama wavunaji wote wa utomvu wafanyavyo, maana mpira wenye baridi haukubali kuingia kwenye kiungio. Kwa mkono wa kushoto alikuwa ameukunja mpira usivute hewa. Sasa mkono umeachia, na mpira unafyonza damu, mstari mwekundu unateremka mlima mbio. Kando kilikuwepo kipande kibovu alichokikata ili aunge upya, kimetafunwatafunwa na kindi.

"Clermont... mdogo wangu. Mbona hukusema?"

Clermont akatema jino. Akauchomeka mpira kwenye kiungio, akaukaza vizuri. Kisha akainuka akipepesuka, akashuka hadi kwenye bomba kuu, linalobeba utomvu wa mlima mzima, akachomoa shoka kiunoni.

"Usifanye hivyo! Nipige mimi! Rudi nyumbani, nakuomba!"

Shoka likashuka mara mbili. Bomba likapasuka, likaanza kuvuta hewa kwa mlio wa kutisha.

"Haya," Clermont akasema, taya limepinda. "Sasa ndiyo nimekata."