Orodha ya Mlango wa Stoo

Kwa maelezo ya muuza mkaa, mtoto wa fundi cherehani alikula daftari la mwalimu. Si ukurasa, daftari zima pamoja na jalada lake, na alipomaliza akashushia maji ya bomba kama mtu aliyemeza dawa. Alipoulizwa kwa nini, akacheka.

"Akacheka, mwenzangu!" muuza mkaa alimwambia mteja wake, akijipiga mapaja mpaka vumbi jeusi likaruka. "Wakamshika watu wazima watatu, hawakumuweza. Na mtoto mwenyewe mwembamba kama sindano ya babake. Nguvu zile kazitoa wapi? Mimi simo. Lakini wenye macho wameona."

"Makubwa," alisema mteja, akajitwika ndoo yake ya mkaa, akaondoka.

Nyuma ya mteja huyo alikuwa amesimama mwalimu mwenyewe wa hilo daftari. Hakuwa amekuja kununua mkaa. Alikuwa anapita kwenda kwa fundi, na maneno yakamkamata miguu.

"Eh! Kumbe mwalimu yupo, nami najipigia ngoma peke yangu," alisema muuza mkaa. "Hebu tukate mzizi wa fitina. Ni kweli au si kweli?"

"Mimi nilikuwa darasani," alisema mwalimu.

Huo ulikuwa uongo wa pili kumtoka siku hiyo, na ule wa kwanza alikuwa ameuacha ofisini kwa mwalimu mkuu.

Watoto walimwita Mwalimu Polepole. Hawakumtania, waliona tu kwamba hana haraka na mtu. Mtoto akikwama kwenye neno, yeye humngoja kama mpishi anayejua kwamba maji yatachemka, hana haja ya kufunua kifuniko kila saa. Kwa sababu ya subira hiyo, mwanzoni mwa muhula mwalimu mkuu alimwita ofisini akamwambia, "Watoto wa darasa la tatu wananifikia hawajui kusoma. Nibunie mpango."

Basi akabuni. Aliuandika kwa mkono wake, akauandika tena, akauandika mara ya tatu kwa kalamu ya bluu. Kila mtoto asome peke yake ukurasa mmoja wa kitabu cha darasa la kwanza, kwa dakika moja ya saa ya mkononi. Atakayeshindwa kufikisha maneno ishirini aingie kwenye kundi la msaada, kipindi cha mwisho, kila siku. Kundi lisizidi watoto kumi na wanne, ili kila mmoja asikilizwe. Fimbo isiingie. Kila Ijumaa wapimwe upya.

Ulikuwa mpango mzuri, tusimnyime haki yake. Chumba hakikuwepo, akaomba stoo. Akahamisha mafagio na madawati yaliyovunjika miguu, akapiga deki mara mbili, akatandika mkeka wa nyumbani kwake. Watoto waliokuwa wakijificha nyuma ya migongo ya wenzao wakaanza kusikika sauti. Mmoja alianza na maneno sita, wiki ya tatu akafika thelathini, akatolewa kundini kwa makofi.

Tatizo lilikuwa mstari wa sita wa mpango. Mstari huo ulisema: orodha ibandikwe mlangoni, jina na idadi ya maneno. Mwalimu Polepole alikuwa na sababu zake. Mwalimu wa zamu angehitaji kujua nani ana ruhusa ya kuwa stoo saa hiyo. Tena alidhani mtoto akiona namba yake inapanda, atafurahi. Juu ya mtoto ambaye namba yake haipandi, hakuwa ameandika mstari wowote.

Na mtoto huyo alikuwepo. Alikuwa binti wa fundi cherehani, wa pekee, uso wa duara, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungo tangu anajifunza kutembea. Ijumaa ya kwanza alisoma maneno matatu. Ya pili, matano. Ijumaa ya tatu akarudi kwenye matatu, na ikaandikwa hivyo hivyo, tatu, mlangoni.

Kuanzia hapo hakuwa Kifungo tena. Alikuwa Maneno Matatu.

"Maneno Matatu, tupishe bombani!"

"Subiri nichote."

"Hayo tayari mawili! Umebakiza moja tu, litunze, usije ukakosa la kuombea chakula!"

Mwalimu Polepole aliyasikia hayo kwa masikio yake, siku moja, dirishani. Akatabasamu. Alidhani ni utani wa watoto, na kweli ulikuwa umetungwa kwa akili. Sasa, akitembea kuelekea kwa fundi, alikumbuka tabasamu lile na akatamani angeweza kulifuta usoni kwa kiganja.

Kilichotokea shuleni siku hiyo, Jumatano, kilikuwa kidogo kuliko cha muuza mkaa. Wageni kutoka ofisi ya elimu walikuwa waje kesho yake kuuona mpango. Mwalimu mkuu aliagiza orodha iandikwe upya kwa kalamu nene, wageni waisome wakiwa wamesimama mbali. Ikaandikwa, ikabandikwa. Saa ya mapumziko Kifungo akaenda mlangoni, akaibandua taratibu kona kwa kona ili asiichane, akaikunja mara nne, akaitia mdomoni.

"Tema!" mwalimu wa zamu alimshika mkono.

Hakutema. Alitafuna bila haraka, macho yanamtoka machozi, akameza. Hakucheka.

Ofisini mwalimu mkuu alimuuliza kwa nini ameharibu mali ya shule. Kifungo akamwelekezea Mwalimu Polepole kidole, kwa heshima, kama anayeonyesha njia.

"Mwalimu alisema ni yetu. Alisema, 'Orodha hii ni yenu, msiiogope.'"

Ilikuwa kweli. Aliyasema siku ya kwanza, amechuchumaa ili uso wake ulingane na nyuso zao.

Mwalimu mkuu akamgeukia. "Ulisema hivyo?"

Angeuliza kwa hasira, huenda jibu lingekuwa jingine. Lakini aliuliza kwa tabasamu, kama mtu aliyekwisha kupewa jibu. Mezani mbele yake ulikuwa ule mpango wa kalamu ya bluu, umepigwa muhuri. Jana tu alikuwa amemwambia kwamba wageni wakiupenda, Mwalimu Polepole atapelekwa shule nyingine kuufundisha. Mwalimu Polepole alitazama chaki iliyomganda vidoleni.

"Sikumbuki kusema hivyo," akasema.

Kifungo akamtazama. Ni vile alivyokuwa akitazama ukurasa, pale neno alilolijua jana linapomgeuka leo.

Hukumu ikatolewa. Mtoto arudi nyumbani, asionekane shuleni mpaka mzazi alete barua ya kuomba radhi. Na nafasi yake ya stoo apewe mwingine. "Anayeithamini," alisema mwalimu mkuu.

"Hodi," alisema Mwalimu Polepole, amefika mlangoni kwa fundi.

"Karibu, mwalimu, karibu ndani! Kaa, ila kaa kwa akili, kiti hicho mguu mmoja unafanya kazi ya kujitolea."

Fundi alikuwa amekaa nyuma ya cherehani yake ya miguu, futi inamning'inia shingoni, pini nne mdomoni, na bado anaongea. Chumba kilikuwa kidogo. Sare za shule zilining'inia ukutani, nyingine hazina mikono. Pazia la maua lilikitenga na chumba cha ndani, na chini ya pazia mwalimu aliona vidole vya miguu ya mtoto, vimetulia.

"Nimekuja kwa habari ya barua," alisema.

"Barua nimeianza." Fundi akatema pini kiganjani, akaonyesha karatasi juu ya meza ya cherehani. "Nimeandika 'Mheshimiwa mwalimu mkuu', halafu nimekwama. Hayo tayari maneno matatu! Unaona? Mtoto hakuokota, amerithi."

Alicheka peke yake.

"Ameniambia amekula karatasi," aliendelea. "Nikamuuliza, ilikuwa na chumvi? Akakataa kucheka. Huyu mtoto kwa kawaida nikikohoa tu anacheka. Ndipo nikajua kuna jambo. Hebu niambie wewe, mwalimu, maana yeye hasemi. Karatasi ile ilikuwa na nini?"

Mwalimu akamweleza. Alianza na mpango, dakika moja, mkeka, watoto kumi na wanne, akitumaini mstari wa sita ungeonekana mdogo katikati ya mambo mengi mazuri. Miguu ya fundi ilikuwa ikikanyaga polepole huku akisikiliza. Maelezo yalipofika kwenye mlango, jina na namba, miguu ikasimama.

"Namba ya kila mtu? Mlangoni?"

"Ndiyo."

Fundi akanyoosha mkono kwenye rafu, akateremsha daftari lililofungwa kwa kipande cha mpira wa kiunoni. Jalada lilikuwa limeng'aa kwa mafuta ya mikono.

"Mtaa wote umo humu," alisema. "Kifua, kiuno, nyonga. Yumo mwenye bega lililoshuka, yumo anayenenepa kila mwaka na kuapa kwamba kitambaa ndicho kimerudi. Muuza mkaa yumo. Mkuu wako yumo, na tumbo lake lote. Na wewe umo, mwalimu."

Mwalimu alihisi joto likimpanda shingoni. Alijua kuwa yumo.

Muhula uliopita alikuja kushonewa gauni la bluu. Benchi lilikuwa na wateja wawili, mmoja wao mama wa mwanafunzi wake. Fundi alipomzungushia futi kiunoni na kuvuta pumzi ili ataje namba kwa sauti, kama kawaida yake, yeye alimwinamia haraka. "Taja taratibu, fundi. Tafadhali." Fundi akanong'ona. Na aliyekuwa chini, miguu ameikunja, daftari magotini, akiandika anayotajiwa, alikuwa Kifungo. Maneno yalimkimbia, lakini namba alizijua sana. Aliiandika ile namba, kisha, bila kuambiwa na mtu, akaufunika ukurasa kwa kiganja. Mama yule wa benchi alipochungulia, Kifungo akalifunga daftari kabisa.

Mwalimu alikuwa amemshukuru kwa jicho, na mtoto akamjibu kwa jicho. Walikuwa hawajawahi kulizungumza.

"Bila kupima hushoni," fundi alisema. "Hapo sikubishii. Pima, mwalimu. Mtoto wangu hajui kusoma, na wewe ndiye uliyemkalisha chini ukamsikiliza, kabla yako hakuna aliyemngoja. Anapenda ile stoo! Akirudi hapa ananiimbia silabi mpaka nakosea mshono." Alilaza kiganja juu ya jalada la daftari. "Ila namba ya mtu inakaa ndani. Siku nitakayoibandika mlangoni, mwaka mzima mtaa huu utavaa matambara, hakuna atakayekuja kupimwa."

"Nilikosea, fundi."

"Mimi hukunikosea. Namba iliyobandikwa mlangoni si yangu."

Alitaka kumweleza na lile jingine, la ofisini. Lilikuja mpaka kwenye meno. Badala yake akasikia sauti yake ikisema kwamba barua isiwe ndefu, mistari miwili inatosha, na kwamba yeye mwenyewe angeweza kusaidia kuiandika. Alipomaliza kusema hayo alijisikia kama mtu aliyemwibia jirani kuku, kisha akaenda kumsaidia kumtafuta.

Fundi akamsogezea karatasi na kalamu. "Haya, nisaidie. Niandike ameomba radhi kwa kosa gani? Maana yeye ananiambia aliambiwa ni yao. Na mimi nimemfundisha, kitu chako hata ukikila, umekula chako. Mimi nikamwambia labda ulisikia vibaya, mwanangu. Mwalimu hawezi kusahau alichosema."

Mwalimu alishika kalamu. Mheshimiwa mwalimu mkuu. Herufi za fundi zilikuwa kubwa, zimeinama upande mmoja kama watu wanaosukuma mkokoteni. Chini yake palikuwa peupe.

Pazia likasogea. Kifungo akatoka, amevaa sare bado, kifungo cha juu kimefungwa. Pembeni ya mdomo wake palikuwa na doa jeusi la wino wa ile kalamu nene, alilolisugua likagoma kutoka.

"Shikamoo, mwalimu."

Kuitikia kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. "Marahaba."

Mtoto alikuja akasimama mbele ya kiti, karibu, nyuso zao zikalingana bila mtu kuchuchumaa.

"Mwalimu, baba hajui cha kuandika."

"Naona, Kifungo."

"Kesho wakija wale wageni, mimi sitakuwepo?"

"Mpaka barua..."

"Basi usimwandikie." Aliitazama kalamu, kisha akamtazama mwalimu. "Kamwambie mwalimu mkuu ulisema ni yetu. Ulisema. Utamwambia?"

Mwalimu Polepole akafumbua mdomo. Aliuona muhuri juu ya mpango, akawaona wageni mlangoni mwa stoo, akaliona lile tabasamu la mwalimu mkuu likigeuka jambo jingine. Neno lenyewe lilikuwa fupi, hata mtoto wa darasa la kwanza angelisoma. Midomo yake ikalizunguka, haikulitoa.

Fundi aliweka miguu yake kwenye kanyagio la cherehani, lakini hakukanyaga.

Kifungo hakurudia swali. Akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono magotini, macho hayatoki kwenye mdomo wa mwalimu wake. Akangoja, vile mwalimu alivyozoea kumngoja yeye.