Ekzosi Mpya ya Mkunga

Mkunga hakuingia karakana akiwa amepanda pikipiki yake. Aliikokota. Sare yake nyeupe ilikuwa imelowa mgongoni, mkoba wa kazi ulimning'inia begani, na jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. Alipofika mlangoni aliitia stendi, akaitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni.

"Fundi," alisema huku akihema, "nitibie huyu. Ukimaliza, nitibie na mume wangu."

Fundi aliweka spana chini, akajifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, na karakana hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

"Vipuri vya waume sina," alijibu. "Tuanze na huyu wa magurudumu mawili."

Mambo yalikuwa hivi. Mkunga alikuwa ametimiza miaka ishirini kazini, na mumewe, kinyozi mwenye duka karibu na kituo cha mafuta, alitaka kumpa zawadi ya kukumbukwa. Akaomba ushauri kwa wateja wake, na kila mwanaume akikalia kiti cha kunyolewa hugeuka mtaalamu wa injini. Basi kinyozi akanunua ekzosi pana inayong'aa na chujio la hewa la wazi, akavifunga mwenyewe Jumapili moja mkewe alipokwenda zamu kwa miguu. Mkunga alirudi akakuta pikipiki imefungwa utepe mwekundu. Alimkumbatia mumewe, akamshukuru kwa moyo wote. Kesho yake ndipo alipoiwasha.

"Inanguruma kama trekta," alimweleza fundi. "Juzi nimehangaika na mama mmoja tangu alfajiri. Mtoto kazaliwa, kalia, kanyonya, kalala. Mama naye kalala. Mimi natoka kwa kunyata, nawasha pikipiki, watoto wote wa mtaa ule wakaamka kwa mpigo mmoja. Yule bibi wa nyumba alinitazama, Fundi, sitasahau."

"Pole."

"Hilo ningelivumilia. Lakini kile kilima cha kwenda kituo cha afya haikipandi! Nikivuta mafuta inakohoa, inasita. Nikiachia, inapasua, pa! pa! Leo imezima katikati ya mlima."

"Si umwambie tu akurudishie ekzosi ya zamani?"

Mkunga akashusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Kila jioni anaipangusa kwa taulo la dukani kwake. Nitaanzia wapi? Leo nitamwambia tu iko kwa fundi, basi."

Fundi hakumsukuma zaidi. Alifungua plagi, akaiinua kwenye mwanga. Ncha yake ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Ndiyo hii," alisema. "Hewa imekuwa nyingi, mafuta ni yale yale. Injini inakimbia na njaa. Ingekuwa ya kabureta ningebadilisha jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta, tukamaliza, lakini hii ina kompyuta. Mle ndani mna jedwali la namba, ndilo linaloiambia imwage mafuta kiasi gani. Sasa jedwali halijui kwamba mumeo kafungua madirisha yote."

"Unaweza kulibadilisha?"

"Waya ninao, programu ninayo." Hakusema kwamba vitu hivyo alivinunua miezi mitatu nyuma na hajawahi kufanikiwa navyo hata mara moja.

Kazi ya ekzosi ilikuwa nyepesi. Alichonga bomba fupi lenye matundu, akalizungushia sufi ya chuma, akalisokomeza mdomoni mwa ekzosi. Kwa nje ilibaki inang'aa vile vile; kwa ndani ngurumo ilishuka ikawa mlio mzito wa kawaida. Jedwali ndilo lililomtoa jasho. Alilopata mtandaoni, mtu aliyeliweka aliapa kwamba linafaa pikipiki za aina hiyo. Fundi akalipakia, akawasha. Moshi mweusi ukajaa karakana, macho yakamwasha, na plagi ilipotoka ilikuwa nyeusi tititi.

"Jana ulikuwa na njaa, leo umevimbiwa," aliiambia injini. Kisha akampigia simu mdogo wake.

Mdogo wake alifundisha hesabu shule ya sekondari. Alikuwa mwembamba, mpole, na mashati yake aliyapiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Pikipiki aliziogopa, tena waziwazi, bila kuona haya. Popote alipokwenda alikwenda kwa miguu. Lakini dada yake akimwita haulizi mara mbili. Jumamosi asubuhi alifika, akaketi kwenye kiti alichokipangusa kwanza, akatazama skrini ya kompyuta ndogo ya dada yake iliyounganishwa na pikipiki.

Safu za chini zilikuwa mizunguko ya injini. Safu za pembeni zilikuwa kiasi ambacho mkono wa mafuta umefunguliwa. Katikati zilijaa namba.

"Dada," alisema polepole, uso ukianza kung'aa, "kumbe miaka yote hii ulikuwa unafanya hesabu na hukuniambia!"

"Wewe soma."

"Hizi aliandika nani?"

"Watu wa kiwandani."

"Na hizi?"

"Mtu wa mtandaoni."

"Huyu wa mtandaoni nani alimpasisha?"

Wakarudisha jedwali la kiwandani ili waanzie mahali safi. Fundi alifunga kipimo cha moshi kwenye bomba, akamweleza mdogo wake namna ya kukisoma: ukipanda mlima kwa nguvu, injini inataka sehemu kumi na tatu hivi za hewa kwa moja ya mafuta, ukienda taratibu, kumi na nne na ushee. Kipimo kikionyesha zaidi, ongeza mafuta kwenye namba ile. Kikionyesha pungufu, punguza.

"Uwiano tu," alisema mwalimu. "Rahisi. Washa nipime."

"Haipimwi imesimama. Inapimwa mlimani, ina mzigo mgongoni."

Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye skrini. "Mzigo gani?"

"Wewe."

"Mimi nitapanda kwa miguu. Utanikuta juu."

"Na kompyuta itapanda na nani?"

Mkunga, aliyekuwa amepita kuuliza habari za mgonjwa wake kabla ya kwenda zamu kwa miguu, ndiye aliyeleta suluhisho. Alitoa mbeleko kwenye mkoba wake, akamfunga mwalimu kompyuta kifuani, imara, kama alivyowafunga watoto wa watu miaka ishirini. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja akamtazama. "Hongera," alisema, "umepata msichana," kisha akaondoka akicheka.

Wakapanda. Mwalimu alimshika dada yake kiunoni kwa mkono mmoja, akafumba macho, akakumbuka kwamba kazi yake ni kusoma, akayafumbua. Pikipiki ikaanza kilima ikikohoa.

"Kumi na sita!" alipiga kelele. "Kumi na sita na nusu! Dada, punguza mwendo!"

"Siwezi kupunguza, tunapima!"

"Kumi na saba!"

Kwenye kona walilipita kundi la wanafunzi wake waliokuwa wakitoka mazoezini. Wakasimama kando ya barabara, midomo wazi, wakimtazama mwalimu wao mwenye mbeleko. Mmoja mwenye adabu akawahi: "Shikamoo, Mwalimu!"

"Kumi na saba na nusu!" alijibu mwalimu, akapotea kwenye kona.

Walipanda na kushuka mara tatu. Mwishowe waliketi chini ya kilima, kwenye ukingo wa mtaro, mwalimu akajaza namba mpya. Alifanya kazi kwa furaha ambayo dada yake hakuwa ameiona usoni mwake kwa siku nyingi. Programu ilichora namba hizo kama mteremko wa rangi, na mwalimu aliulainisha hapa na pale mpaka ukapanda vizuri bila doa. Mahali pamoja, karibu na mizunguko elfu nne, vipimo vilikuwa vimeshuka ghafla vikafanya shimo. Alilitazama shimo lile, akakunja uso, akalifukia.

"Pale si ndivyo kipimo kilivyosema?" aliuliza fundi.

"Kipimo kimekosea. Mchoro haupandi ukashuka ukapanda tena hivi hivi, bila sababu."

Fundi alitaka kubisha, lakini mbele ya namba mdogo wake alikuwa mkubwa. Akawasha.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Pikipiki iliondoka bila kikohozi, ikala kona ya kwanza, ikala ya pili, na fundi alicheka kwa sauti ndani ya helmeti. Kisha wakafika pale kilima kinaposimama wima. Akashusha gia, mizunguko ikakaribia elfu nne, na injini ikazama kama mtu aliyemwagiwa maji puani. Ikatoa moshi mweusi, ikatetemeka, ikazima.

Waliisukuma mpaka kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, dada mbele, mdogo mtu nyuma, kompyuta bado kifuani. Shati la mwalimu lilikuwa limekwisha habari yake. Alikaa, akajifuta jasho.

"Nina mwanafunzi mmoja," alisema, "nilimkosesha swali muhula uliopita. Jibu lake lilikuwa refu, la ajabu ajabu, nikalipiga alama nyekundu ya kosa. Kwenda kurudia nyumbani, lilikuwa sahihi." Akaufungua tena ule mchoro. "Leo nimefanya yale yale. Nimefuta jibu kwa sababu halikunipendeza."

Fundi alimpiga bega, doa la grisi likabaki. "Mimi nilijua kuna kitu, ila sikuwa na maneno yake. Tazama bomba lilivyo refu na pana. Kwenye mizunguko ile moshi unarudisha pumzi nyuma, hewa mpya haiingii yote. Hewa ikiwa ndogo, mafuta ya nini?"

"Kwa hiyo shimo ni la kweli."

"La kweli kabisa. Lirudishe."

Alilirudisha. Safari hii hakulainisha kitu. Kila namba ilitoka kwenye kipimo, hata zile zenye sura mbaya. Walipanda tena mara nne, wakisahihisha kidogo kidogo. Kwenye safari ya nne mwalimu alikuwa ameacha kufumba macho, na kwenye kona alilala upande mmoja na dada yake bila kuambiwa. Namba zikatulia. Kumi na tatu, kumi na tatu na robo, kumi na tatu. Pale pa wima pikipiki ilipita kama vile barabara imelala.

Waliporudi karakana walimkuta kinyozi amesimama mlangoni, aproni ya kazi mwilini, mashine ya kunyolea mkononi. Alikuwa ametoka mbio.

"Fundi," alisema, "pikipiki ya mke wangu imepita mbele ya duka langu zaidi ya mara kumi leo. Juu yake mwanamke si mke wangu, na nyuma yake mwalimu kafungwa mbeleko. Nimemwacha mteja nusu kichwa. Naomba maelezo."

Fundi alimtazama mwalimu. Mwalimu alitazama mbeleko. Hapo hapo mkunga akatokea barabarani akitoka kazini, akamwona mumewe, hatua zikapungua.

"Mbona imenyamaza?" kinyozi aliuliza, akiinamia ekzosi. "Mlio wake uko wapi?"

Mkunga alifungua mdomo atunge jambo, akashindwa. Hakuzoea kudanganya. Akamweleza yote: kilima, watoto walioamka, yule bibi, kusukuma. "Ekzosi ni nzuri, baba watoto," alimalizia kwa sauti ndogo. "Naipenda kwa sababu umenipa wewe. Ila ilikuwa inaniua."

Kinyozi alikaa juu ya tairi kuukuu. Mabega yakaanza kumtikisika, na mkunga akamkimbilia akidhani analia. Kumbe anacheka.

"Mke wangu, mimi kila ukipita pale dukani nashtuka! Wiki iliyopita nimemnyoa mzee wa watu nyusi moja. Nimelazimika kumnyoa na ya pili ili zilingane."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ulinikumbatia vile!"

Mkunga alimpiga kofi la mapenzi, na sasa wote wanne walikuwa wakicheka, mwalimu akishikilia kompyuta isidondoke. Ndipo simu ya mkunga ikaita. Alisikiliza, akajibu "nakuja," akafunga mkoba. Mama mmoja alikuwa amefikishwa kituoni, na mwenzake wa zamu alikuwa peke yake.

Alivaa helmeti, akawasha. Wakatoka hadi barabarani kumtazama. Kilima kilionekana vizuri kutoka pale, na sare nyeupe ilipanda kona ya kwanza, ya pili, ikafika pale pa wima. Hakukuwa na pa! wala pa! Mkunga alipandisha gia katikati ya mlima, akatokomea juu.

"Amepandisha gia," alinong'ona kinyozi. "Pale!" Kisha akakumbuka mteja wake wa nusu kichwa, akatimua mbio.

Jumamosi iliyofuata fundi alifika karakana akakuta pikipiki saba zimepangwa mlangoni, na wenyewe wamesimama kando, wote wamenyolewa vizuri, wengine shingo bado zina poda. Kinyozi alikuwa amesimulia wiki nzima. Fundi alizihesabu, akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nasahihisha mitihani."

"Nina majedwali saba hapa."

Upande wa pili akasikia rundo la karatasi likisukumwa kando.

"Usizipakie kitu cha mtandaoni," alisema mwalimu. "Nakuja."