Utepe wa Mheshimiwa

Mtoto wa Beldina alikuwa akiguna kila alipotoa pumzi, na mbavu zake zilijichora chini ya ngozi. Jana alizaliwa, akalia vizuri. Asubuhi hii alianza kuvuta hewa mbiombio, na oksijeni ya puani haikumfaa kitu.

Bibi yake, Mama Dorca, alikuwa ameinama juu ya kitanda akimwitia majina ya wafu wa nyumbani, mmoja mmoja.

"Oduor? Ni wewe?" Mtoto akaguna. "Sista, hii mtoto inataka jina. Tukipata mwenyewe, itanyamaza."

Sista Agneta Naswa hakumbishia. Kwao Busia pia majina yana wenyewe. Lakini yeye aliogopa hewa iliyovuja na kulibana pafu. Hutolewa kwa sindano, ila upande gani? Alisikiliza kulia, akasikiliza kushoto; kifua kidogo vile husikika sawa kote. Alimulika kifua kwa tochi, asione kitu. Na ukidunga upande mzima, umemuua kwa mkono wako.

Eksirei ilikufa tangu Pasaka. Mashine mpya ya altrasaundi ilikuwa chumba cha pili, imefungiwa, imezungushiwa utepe mwekundu. Agneta alipelekwa kozi kwa ajili yake. Unaweka kichwa cha mashine kifuani pa mtoto, unatazama mstari mweupe kwenye skrini. Pafu likiwa huru, mstari unateleza kwa kila pumzi. Likibanwa, umesimama tuli. Hata asiyejua kusoma angeona.

Alimkuta Daktari Mukhwana, mkuu wa hospitali, akichagua hema na mwenye mahema.

"Daktari, naomba ufunguo wa mashine."

"Sista, utepe haujakatwa. Mheshimiwa anazindua kesho."

"Niko na mtoto anakufa leo."

"Ukiifungua leo, kesho tutazindua nini? Watu wake watasema tumemdharau, na zile zingine tumeahidiwa zipelekwe kwingine. Anza dawa ya nimonia." Akamgeukia mwenye mahema. "Hapana, bwana, leta nyeupe. Nyeupe inatoka vizuri kwa picha."

Ufunguo ulikuwa mezani, kando ya kikombe chake cha chai. Agneta aliutazama. Kazi yake ilikuwa ya mkataba, na mkataba husainiwa na Mukhwana.

"Sawa, Daktari," alisema, akajichukia kabla hajafika mlangoni.

Aliporudi wodini, mguno haukuwepo. Mama Dorca alikuwa akitabasamu.

"Imekubali, Sista! Nimeita Calvince, ndugu ya baba yake, yule alikufa maji hapo Dunga. Mara moja ikanyamaza."

Beldina, anayekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki, kule Obunga, alicheka huku machozi yakimtoka. "Calvince," alimwambia mwanawe. "Kumbe ulikuwa unatusumbua bure."

Agneta aliweka vidole kifuani pa mtoto. Mtoto hakuwa ametulia. Alikuwa amechoka kuvuta hewa.

Uji wa saa nne ulipoletwa, Calvince alikuwa ameshafunikwa.

Kesho yake Mheshimiwa alikuja, na makasi yakaletwa kwenye sinia. Utepe ukakatwa. Akataka kuona mashine ikifanya kazi, basi akaletwa mtoto mzima, mnene, asiyeumwa chochote, na Agneta akaambiwa aonyeshe.

Alipaka jeli. Mstari mweupe ukatokea. Kulia unateleza, kushoto unateleza. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

"Makofi kwa Sista!" alisema Mukhwana.

Viti vya wageni vilikuwa vimeziba njia ya kutokea mochwari. Beldina na mama mkwe wake walikuwa wamesimamishwa pale na askari wa lango, wangoje sherehe iishe. Kitenge kilichofungwafungwa kilikuwa mikononi mwa Mama Dorca.

"Sista," Beldina aliita kutoka nyuma ya viti, "ni hiyo tu?"

Mukhwana alikohoa. Mtoto aliyekuwa mezani, pengine kwa baridi ya jeli, akaanza kulia, kilio kikali cha kutafuta mtu.

Mama Dorca aliinua kichwa. Alitazama kitenge mikononi mwake, kisha akatazama mezani.

"Calvince?" aliita polepole. "Ni wewe?"

Mtoto akanyamaza kimya.

Wageni wakacheka, wakapiga makofi tena. Agneta peke yake aligeukia skrini kuangalia kama mstari bado unateleza.