Maajuni ya Wifi

Wateja wetu huiita wanavyotaka: dawa ya asali, dawa ya kulamba, ile nyeusi. Hakuna anayekatazwa. Lakini dukani kwetu jina la kale, maajuni, lina mwenyewe, naye ni baba. Dawa ikishatwangwa, ikachekechwa na kukandwa na asali, yeye huilamba kwenye kijiti, hufumba macho, kisha huipa jina. Akisema "maajuni", basi umehitimu. Nenda ukafungue duka lako. Ya kwangu, miaka yote hii, ni dawa ya asali.

Juzi alilamba ya wifi yangu, mke wa kaka, aliyeingia nyumba hii hata kushika mchi hajui. Baba akafumbua macho.

"Haya sasa ndiyo maajuni, mkwe wangu!"

Nilicheka kwa meno tu. Moyo ulikuwa unaniwaka. Nimetwanga mpaka viganja vimeota sugu, halafu mgeni ndiye apewe! Naye wifi, kwa upole wake unaoudhi, akaninong'oneza, "Si wewe uliyenifundisha, wifi?" Hapo ndipo aliponimaliza.

Leo asubuhi nikaona isiwe tabu. Nilitia dawa yangu kwenye kopo lake lenye kifuniko chekundu, nikampelekea baba. Nilitaka aisifu, nimuumbue.

Akalamba. Akafumbua macho.

"Huu mkono wako, mwanangu."

"Ni maajuni au si maajuni?"

"Ni maajuni. Tangu zamani."

"Sasa mbona unaninyima, baba?"

Alilifunika kopo taratibu. Kifuniko kikakataa kukaa sawa.

"Kaka yako nilimwambia, akatafuta chumba cha duka. Mkewe nimemwambia, wanahama wiki ijayo. Na wewe ningekwambia, ningebaki na nani?"

Kabla sijajibu, akaingia mama mmoja na mtoto anayekohoa. Akaliona kopo. "Hiyo mnaiitaje?"

Baba alinitazama mimi. Nyuma ya pazia wifi alikuwa anafunga mizigo yake huku akiimba, na nilimwonea wivu kuliko siku zote.

Nikakibonyeza kifuniko mpaka kikakaa.

"Dawa ya asali," nikasema.