Sauti Iliyozunguka Kiminini

Mzee Sifuna alikuwa amemaliza siku tisa kwa binti yake Joyline, Mutuini, Nairobi, bila kutaja habari ya kurudi nyumbani Kiminini. Siku tisa! Na ni mwezi wa tatu, jamani, mawingu yamejaa, na mkulima yeyote wa Kiminini anayejiheshimu yuko shambani. Miaka yote mzee huyu akija kumwona binti yake hulala usiku mmoja tu, asubuhi anauliza basi ni la saa ngapi, maana kazi ya kukamua ng'ombe wake hamwachii mtu. Safari hii hata ng'ombe hawataji.

Joyline alijaribu kumpima taratibu. "Baba, mvua ikianza, si utachelewa kupanda?"

"Mvua haina haraka, mama," mzee akajibu, akachukua jembe na kwenda kumsaidia Kihara, mwenye ploti, kupanda mahindi kwenye kijishamba nyuma ya nyumba za kupangisha. Ebu fikiria: mtu ana ekari tatu zake kule, lakini anatoa jasho kwenye kipande cha mwenzake! Kihara alifurahi kweli. Joyline, moyo ulimuuma.

Yeye alikuwa mhudumu wa mapokezi katika ofisi moja Kilimani, ya kampuni inayonunua mbegu za nyonyo kwa wakulima ili zikamuliwe mafuta ya kuendeshea malori na ndege za ng'ambo. Siku hiyo bosi wake, Alkarim, alimwita pembeni, anatabasamu.

"Joy, unakumbuka ile meseji ulirekodi mwaka juzi? Tunataka ingine, ya upande wa Bungoma. Sauti yako watu wanaiamini. Na mimi nitaongea juu ya mshahara wako."

Wala hakuwa anaikumbuka. Mwaka juzi, mfuko wa mbolea ulipovuka elfu sita na wakulima wa mahindi wakashika vichwa, Alkarim alimsikia akiongea Kibukusu na shangazi yake kwa simu. Akamkalisha kwenye chumba kidogo, akampa karatasi asome, na nusu saa baadaye kazi imekwisha, Joyline anakula biriani ya ofisi. Ile sauti ikatumwa kwa simu za wakulima. Nani angefuatilia ilifika wapi?

Jioni akarudi nyumbani na karatasi mpya. Akaiegemeza kwenye chupa ya chai, na huku akisonga ugali akawa anajizoeza kwa Kibukusu, kwa ile sauti yake tamu ya kazini: "Mkulima mwenzangu, mbolea imekushinda? Nyonyo haina haja ya mbolea ya bei. Mbegu ni bure, na soko liko..."

"'Panda shamba lote, usibakishe,'" sauti ya baba yake ikamalizia nyuma yake.

Mwiko ukasimama. Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi mpya. Yalikuwa kwenye ile ya zamani.

"Baba, hayo umeyasikia wapi?"

"Kwa simu yangu, mama. Wapi tena?" Mzee akaketi kwenye stuli. "Siku ile niliruka! Nikasema, huyu si Joy wangu? Niliyemsomesha kwa mahindi ya shamba hili hili, atanidanganya? Nikaweka sahihi mkataba wa miaka miwili. Halafu nikatoka na simu mkononi. Kila boma niliingia, nikawachezea. Boma kumi na moja. Waliokuwa wanasitasita niliwaambia, huyo ni mtoto wangu, anafanya kazi ndani kabisa. Wote wakapanda."

"Na kampuni haikulipa?"

"Ililipa. Nisiwasingizie watu, kila senti waliyosema walilipa. Lakini tulipanda nyonyo kijiji kizima, Joy. Mahindi yakakosekana, gunia likapanda bei mpaka pesa ya nyonyo ikawa haifiki. Sisi wa Kiminini, sisi, tukapanga foleni dukani tukinunua unga wa pakiti! Peres, yule mjane wa jirani, aliuza ng'ombe wake wa mwisho ili watoto wapate kula. Sasa mkataba umeisha, hata mbolea imeshuka kidogo. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe atainunua na nini?"

Joyline aliyaona machozi mawili yakianguka kwenye sufuria kabla hajajua ni yake. "Majirani walikutukana, Baba?"

"Afadhali wangenitukana! Peres ananisalimia vizuri tu. Ila haingii tena kwangu. Hakuna anayeingia. Nitarudi niwatazame na macho gani?"

Kumbe ndiyo hizo siku tisa. Mzee wa watu amekimbia kwake mwenyewe.

Asubuhi Joyline alimrudishia Alkarim karatasi. "Boss, nitasoma kama mtaniruhusu niwaambie waache nusu ya shamba iwe ya mahindi."

Alkarim alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. "Walioko ng'ambo wanataka ekari, Joy. Hiyo nikiwaambia, na mimi naenda nyumbani."

"Basi mimi siwezi. Na naomba likizo yangu, wiki mbili."

Alimpa. Kabla Joyline hajabeba mkoba wake, Stacy wa ofisi ya pili alikuwa ameshaketi kwenye kile chumba kidogo cha kurekodi, anapimiwa sauti. Na yeye kwao ni Bungoma. Joyline alisimama mlangoni, akamwita nje kwa mkono, akamnong'oneza jambo moja tu: "Wazazi wako wana simu?" Kisha akaenda zake.

Mchana alikuwa River Road na baba yake, mbele ya dirisha la tiketi za basi la Kitale, mji wa jirani na Kiminini. Mzee alikuwa amekubali kurudi, shingo upande, anavutavuta koti lake. Joyline alinunua tiketi mbili.

"Ya pili ni ya nani?"

"Yangu. Waliniamini mimi, Baba, si wewe. Nitaingia boma zote kumi na moja, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba nilisoma kitu nisichokijua. Wakinifukuza, wanifukuze mimi. Na ile akiba yangu ya kodi ya nyumba, itanunua mbolea ya kwanza ya Peres."

Mzee Sifuna aligeukia ukuta akalia kwa sauti, watu wa foleni wakitazama, na Joyline hakumnyamazisha. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa koti.

"Peres huamka mapema," alisema. "Tuanze kwake."