Simu, Moja Mara Mbili

Mama ni mfamasia, na kwake hakuna tatizo lisilo na dozi. Tulipomshinda kwa simu, alileta bahasha za dawa, akatia simu ya kila mmoja, hata ile kuukuu anayochezea Kibiriti, kitindamimba wetu. Juu akaandika: "1 x 2. Nusu saa, baada ya chakula." Sharti: tukimaliza siku saba bila mtu kuzidisha, tunapewa simu Jumamosi nzima. Mmoja akizidisha, wote tunarudi siku ya kwanza.

"Nidhamu tu," Baba akatuambia. Yeye ni mwalimu wa udereva, kutwa nzima anawafokea wanafunzi, "Macho mbele!"

Siku ya sita asubuhi nikaikuta bahasha ya Baba imenywea. Mwenyewe yuko chooni, dakika ya arobaini. Nikatega sikio mlangoni: kete za drafti ya simu, ta, ta, ta.

Mama akaja. "Baba watoto, kwema humo?"

"Tumbo, mama watoto. Linanisokota!"

Mimi na Kibiriti tukatazamana. Akikamatwa, tumekwisha.

"Kweli, Mama," nikasema, "tangu jana yuko hoi."

"Alikuwa analia kama mbuzi," Kibiriti akatia chumvi.

Mama akakoroga lita nzima ya maji ya chumvi na sukari. Bilauri ya kwanza Baba akaimeza akitabasamu. Kufika ya tatu akatutazama kama mtu anayezikwa na wanawe. Mchana akala wali mkavu, sisi kuku.

"Pole, Baba," Kibiriti akamwambia, akilamba vidole.

Jioni Mama akavaa viatu. "Basi twende hospitali, wakuchome sindano."

Mtu huyu hukaa kando ya wanafunzi wanaoukimbilia ukuta asipepese jicho. Lakini kabla Mama hajafunga kamba za viatu, alishakiri. "Ni drafti. Nilikuwa nakaribia kushinda!"

Tukarudi siku ya kwanza. Mama akabadilisha tiba: Baba akiingia chooni, Kibiriti akae mlangoni, na mgonjwa azungumze mfululizo ili ijulikane hachezi. Baba akalalamika wee, mwisho akaanza kusimulia kuhusu mwanafunzi aliyeingiza gari sokoni akiwa amefumba macho.

Leo ni siku ya tatu. Baba ameshavuta maji mara mbili, ila hatoki.

"Halafu askari akasemaje?" Kibiriti anauliza.

"Subiri, mwanangu, kwanza nikwambie muuza nyanya alivyoruka..."

Nami nimesimama nyuma ya Kibiriti, miguu nimeibana, namwombea huyo askari aseme upesi nipate choo.